Viatu Vilivyorudi Nyumbani

Ndugu msomaji, je, umepata kuuza kitu asubuhi, ukafurahia faida yako, kisha baada ya siku chache ukakiona kimerudi mlangoni? Mimi yamenipata, tena si mara moja. Keti kidogo nikusimulie, maana siku hizi vijana wengi wa kwetu wanafungua maduka katika intaneti, na pengine kisa changu kitamfaa mmoja wao.

Mimi ni mkazi wa Mombasa, na nauza makubazi, vile viatu vya ngozi vya pwani. Anayevishona ni mzee mmoja aliyerithi kazi hiyo kwa baba yake. Zamani tuliwauzia wapita njia tu. Ndipo mpwa wangu akaniambia, "Mjomba, tia picha za viatu hivi katika soko la intaneti. Watu wa Nairobi na Nakuru watavinunua." Nikakubali. Mwezi wa kwanza maombi yalikuja kwa wingi, nami nikajiona tajiri.

Kumbe nilikuwa nahesabu viatu vilivyotoka, sikuhesabu vilivyorudi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Usiku mmoja niliketi na kalamu, na hesabu niliyoipata ni hii.

Jozi moja niliuza shilingi 1,500. Ngozi, gundi na ujira wa fundi vilikula 900. Wenye soko walichukua 225, na kifurushi kiligharimu 50. Basi faida yangu ilikuwa 325 kwa jozi. Katika jozi 20, kama zote zingekaa kwa wanunuzi, ningepata 6,500. Lakini katika kila 20, jozi 5 zilirudi. Zile 15 zilizobaki ziliniletea 4,875. Kila jozi iliyorudi ilinitoza 200 za kurudishwa na 50 za kifurushi kilichoharibika, jumla 1,250 kwa zote tano. Na katika hizo tano, mbili zilikuwa zimekanyagwa matope, haziwezi kuuzwa tena kuwa mpya. Hizo ni 1,800 zilizokufa. Toa yote hayo, utaona nilibakiwa na 1,825 tu. Angalia vizuri, msomaji: robo tu ya viatu ilirudi, lakini karibu robo tatu ya faida ilipotea.

Tena hasara haikuishia hapo. Fedha zangu zilizuiliwa mpaka siku za kurudisha zipite, na mafundi hawali ahadi. Wenye soko nao, walipoona marejesho yangu mengi, wakanipeleka mwisho wa orodha, mahali ambapo mnunuzi hafiki.

Wala usidhani ni taabu ya sisi wadogo peke yetu. Huko Marekani, chama cha wauzaji wa rejareja kilikadiria kwamba katika mwaka 2024 bidhaa za dola bilioni 890 zingerudishwa, yaani karibu 17 katika kila 100. Zalando ya Ujerumani, inayouza nguo na viatu, hurudishiwa karibu nusu ya vitu inavyopeleka. Na Amazon, tangu Juni 2024, huwatoza ada wauzaji wa bidhaa nyingi zinazorudi kupita kiasi kilichowekwa kwa aina yake.

Sasa nikuungamie kosa langu. Nilipoona hasara ile, nilimtafuta wa kumlaumu, nikampata yule mzee. Nilimwambia anashona ovyo. Kila jozi iliyorudi imeharibika, nilikata thamani yake katika ujira wake. Hakubishana nami. Alisema tu, "Haya, mwanangu." Kwa wiki tano nilimkata shilingi 3,600. Wiki ya sita hakuja kazini. Nilipomwendea nyumbani, nilimkuta mkewe amelala kitandani. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na dawa zilikuwa zimekwisha siku tatu kabla. Mzee alikuwa ametoka kwenda kukopa kwa jirani.

Aliporudi nilimwamkia, nikampa simu yangu asome zile sababu ambazo wanunuzi huandika wanaporudisha. Mimi mwenyewe nilikuwa sijazisoma hata siku moja! Nyingi zilisema neno moja: kidogo. Viatu ni vidogo. Mzee akavaa miwani, akaniuliza, "Unawaandikia nambari gani?" Nikamwambia kwamba penye nane yake mimi huandika 43, kwa jedwali nililolikuta katika intaneti.

Akacheka kwa huzuni. Alinionyesha violezo vya mbao vya baba yake, anavyokatia soli. Vimepigwa nambari za Kiingereza, ambazo kila moja hupita mwenziwe kwa theluthi ya inchi. Nambari za Ulaya hupitana kwa theluthi mbili za sentimita. Ni vipimo viwili mbalimbali, na nane yake inakaribia 42. Kisha akasema, "Mwanangu, mguu hausomi nambari. Mwambie mtu akanyage karatasi, achore unyayo, apime kwa rula."

Siku ile nilimrudishia shilingi zake zote 3,600, nikamwomba radhi mbele ya mkewe. Nakwambia kweli, kuzitoa zile fedha kulikuwa rahisi kuliko kutamka yale maneno.

Tangu hapo tunaandika urefu wa unyayo kwa sentimita kwa kila jozi. Picha tunapiga nje, kwenye mwanga wa mchana, ili rangi ya ngozi ionekane ilivyo. Kama ngozi ina alama, tunaipiga picha na alama yake. Maombi yamepungua kidogo, lakini sasa katika jozi 20 hurudi moja, mara chache mbili.

Ewe muuzaji, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini hata kizuri hurudi kikisemwa vibaya. Soma sababu za marejesho kabla ya kumkata mtu ujira wake. Nawe mnunuzi, kurudisha kitu kisichofaa ni haki yako. Hata sheria za nchi za Umoja wa Ulaya humpa aliyenunua kwa intaneti siku 14 za kubadili nia. Lakini usivae viatu arusini Jumamosi kisha ukavirudisha Jumatatu. Nyuma ya kifurushi kile yupo mzee mwenye miwani, na mkewe anangojea dawa.

Na kama unacho kiatu cha kuagiza leo, tafadhali, kwanza kanyaga karatasi.