Nani kaigusa distributa?

Ijumaa hiyo walitoka Kihonda saa kumi na mbili asubuhi. Mjomba alikuwa kwenye usukani, dada yake pembeni, na kijana wa miaka 17 nyuma. Walikuwa wanakwenda Nyandira, juu Mgeta, kumchukua bibi aliyekuwa na miadi ya macho mjini Morogoro saa nane mchana. Miadi hiyo aliisubiri muda mrefu, maana jicho la kulia lilikuwa limeanza kumfanya apapase ukuta.

Gari lilikuwa Toyota Corolla 110, la zamani lakini lililotunzwa, kwa sababu mwenyewe ni fundi. Hadi Sangasanga hakukuwa na neno. Walipoipita Mlali na kuanza kupanda milima ya Uluguru, gari likawa zito. Gia ya pili ilikataa, ya kwanza ikawa inakokota. Mshale wa joto ukapanda hadi mjomba akaegesha kando, chini ya migomba.

Alifungua boneti akatazama kimya. Kisha akagusa boliti za distributa. Vumbi na mafuta ya miaka mingi vilikuwa vimeacha mstari pale kifaa kilipokuwa kikikaa siku zote. Sasa mstari ulikuwa wazi, distributa imegeuzwa.

"Nani kaigusa hii?"

"Sijui, Mjomba," kijana alijibu haraka.

Mama yake aligeuka akamtazama, naye akainamisha uso. Mjomba hakusema zaidi. Alichukua spana, akairudisha distributa kwenye mstari wake wa zamani, wakasubiri injini ipoe ndipo waongeze maji. Walifika Nyandira saa sita na nusu. Bibi alikuwa amekaa kizingitini, mkoba mapajani, amevaa tangu alfajiri. Mjini waliingia jioni, daktari ameshaondoka. Bibi akapangiwa tarehe nyingine, wiki tano mbele.

Usiku huo mama alitaka kijana afungashe arudi nyumbani. Alikuwa amempeleka kwa kaka yake baada ya mtihani wa kidato cha nne, na kwa Waluguru, ambao ukoo wao unafuata upande wa mama, mjomba ana sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake. Ndiyo maana aliona aibu maradufu. Kaka yake akamwambia, "Dada, niachie hadi Jumatatu."

Jumatatu mjomba aliwatuma vijana wengine dukani, akabaki na mpwa wake peke yao gereji. Injini iliposhika joto, akampa taa ya taimingi. "Haya mjomba, nionyeshe ulivyofanya Alhamisi." Hakupaza sauti.

Kijana alisimulia yote. Alisikia kwamba gari kama hilo taimingi yake ni digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu. Akamulika puli gari likiwa sailensa, akaona alama inacheza kwenye 15 hivi. Akaamini imezidi. Akalegeza distributa, akaizungusha hadi ikasoma 10, akakaza. Alitaka kumfurahisha mjomba.

"Namba uliijua," mjomba alisema. "Ila hukujua ulikuwa unamsoma nani."

Akamweleza taratibu. Petroli huhitaji muda kidogo kuwaka, kwa hiyo cheche hutangulia kabla pistoni haijafika juu. Katika injini za zamani zaidi, uzito unaozunguka na mvuto wa hewa ndivyo vilivyosogeza cheche. Katika hii, kompyuta ndiyo inayosogeza kila wakati, kulingana na mwendo na mzigo. Inaongeza juu ya msingi wa digrii 10, na haina habari kama msingi umehamishwa. Alichokiona kijana kilikuwa msingi pamoja na nyongeza ya kompyuta. Alipoishusha jumla hadi 10, msingi ukashuka chini yake, na cheche ikawa inachelewa kila mahali. Tambarare za Kihonda huwezi kugundua, lakini mlima haufichi.

Mjomba akafungua kisanduku kidogo chenye mfuniko ndani ya boneti, akaunganisha kwa waya mfupi matundu mawili, TE1 na E1, akionya kwamba kukosea tundu kunaweza kuharibu. Taa ya cheki injini ikaanza kuwaka na kuzima kwa mpigo sawa. "Hapo kompyuta imeacha kurekebisha. Irudishe distributa pale ulipoiweka, halafu mulika."

Alama ilisimama imara, haichezi tena. Ilisoma chini ya 5.

Kijana aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema bila kuulizwa, "Nilidanganya, Mjomba. Niliogopa utanirudisha nyumbani."

"Najua. Weka 10."

Aliiweka, akakaza boliti, akamulika tena kuhakikisha, ndipo akachomoa waya. Mjomba akamwambia pia kwamba Toyota IST zinazojaa mjini hazina distributa kabisa: kila plagi ina koili yake, na hakuna cha kuzungusha. Fundi akimwambia mteja amezungusha taimingi ya gari la namna hiyo, mteja aulize amezungusha nini.

Jioni mjomba alimsimulia dada yake. Mama akakumbuka miezi yote ya simu. Kila alipouliza "Unaendeleaje?" jibu lilikuwa "Vizuri, Mama," naye alikata simu ameridhika. Hakuwahi kuuliza kwa namna ambayo mtoto angeweza kujibu kitu kingine. Wazazi wengi tuko hapo. Mtoto hutupa namba tunayoipenda, nasi tunakaza boliti juu yake. Ukitaka kuujua ukweli wake, kwanza mwondolee hofu ya kufukuzwa.

Wiki tano baadaye kijana alikaa kiti cha mbele. Baada ya Mlali hakuutoa macho kwenye mshale wa joto. Haukusogea. Saa tatu asubuhi walikuwa Nyandira, na kabla ya kumpokea bibi mkoba, alimwomba msamaha kwa siku ile aliyokaa kizingitini.