Vijinyama vya Mama

Mamangu ni mtu wa kutaka kuona. Jino likiuma, ling'olewe. Kwa hivyo kamera ilipoonyesha vijinyama vitatu tumboni mwake, alikuwa na swali moja tu: "Daktari, mnavikata lini?"

Kwa miaka mingi tuliita shida yake ulsa. Akila maharagwe, kiungulia. Akikaa njaa, kiungulia. Alinunua dawa ya kutuliza, akalala, kesho tena. Hakuna aliyewahi kumpima.

Daktari alikuwa ametoa vipande akavipeleka maabara. Si saratani. Ni vile vijinyama ambavyo ukuta wa tumbo huotesha ukijaribu kujitengeneza baada ya kuvimba kwa muda mrefu. Aliyekuwa akiuvimbisha ni bakteria, H. pylori. "Mama, tumuue huyu kwanza," akasema. "Vijinyama ni vidogo. Huenda vikaisha bila kukatwa."

Shangazi akapiga simu kutoka Kakamega: "Sasa wanangoja nini? Vikigeuka je?"

Swali hilo lilininyima usingizi, nikaanza kusoma. Mwaka 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, alikunywa bakteria hao makusudi, tumbo lake likavimba, watu wakaanza kumsikiza. Mwaka 2005 yeye na Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel. Halafu nikakutana na utafiti wa Japani wa 1998: kati ya wagonjwa 15 waliofaulu kumaliza bakteria, 12 vijinyama vyao vilitoweka. Kwa wale ambao hawakutibiwa, hakuna kilichobadilika. Lakini si vijinyama vyote. Kuna aina zisizojali antibiotiki, na vikubwa hukatwa tu. Ndiyo maana maabara ilitangulia.

Basi siku 14. Omeprazoli, amoksilini, klarithromisini, asubuhi na jioni. Mama alisema mdomo una ladha ya sarafu. Siku ya tisa kiungulia kilikuwa kimetulia, akaanza kuviangalia vidonge vilivyobaki kama deni la mtu mwingine. Tukavihesabu pamoja kila jioni, manake bakteria anayeponea dozi nusu hurudi akiwa sugu.

Wiki nne baada ya kumaliza antibiotiki alipimwa choo. Omeprazoli alikuwa ameiacha wiki mbili kabla, kwa sababu inaweza kuwaficha bakteria kwenye kipimo. Hawakuwepo. Miezi minane baadaye, kamera tena: vijinyama viwili vimeenda, cha tatu kimesinyaa. Mwakani atarudi kuangaliwa.

Bakteria hawa mara nyingi huingia mtu akiwa mtoto, na huenea ndani ya familia. Juzi ndugu yangu mdogo alikuwa anasugua kifua baada ya chapati, akaniuliza kama nina ile dawa ya kutuliza. Kabla sijajibu, Mama alikuwa ameshaongea kutoka jikoni: "Hakuna kutuliza. Kesho uende upimwe."