Sauti Chini ya Sakafu



Wapendwa, Kwaresima hii, baada ya sala ya usiku, tumekuwa tukisoma riwaya za kutisha za Uingereza ya karne ya 18. Msishangae. Wapenzi wa hadithi za upelelezi, nao ni wengi parokiani, yafaa wajue chimbuko lake.

Chimbuko ni ngome. Mwaka 1764 Horace Walpole alichapisha The Castle of Otranto: ngome ya Italia, mtawala dhalimu, na dhambi ya babu inayomwangukia mjukuu. Waliomfuata waliongeza nyumba za watawa na mahandaki, kwa maana machoni pa Waprotestanti wengi wa Uingereza uovu ulikaa kwetu Wakatoliki. Mwaka 1796 Matthew Lewis alimleta Ambrosio, mtawa mhubiri anayesifiwa na Madrid nzima, ambaye gizani ni mbakaji na muuaji. Zamani tungesema hizo ni kashfa za wapinzani tu. Tangu habari za Boston za mwaka 2002 hatuna uso wa kusema hivyo. Walioumizwa walikuwa watoto, na wakubwa walijua. Kufungia majalada kabatini si siri ya Kitubio, wala tusiruhusu mtu kuyachanganya hayo mawili.

Ndipo akaja Edgar Allan Poe. Mwaka 1841 alimwumba Dupin, mpelelezi wa Paris, na wengi huhesabu hapo mwanzo wa hadithi za upelelezi. Lakini iliyotukosesha usingizi ni ile ya mwaka 1843, The Tell-Tale Heart. Mtu amemuua mzee na kumficha chini ya mbao za sakafu. Polisi wanakuja, anawakaribisha, anaketi juu ya maiti na kuzungumza kwa furaha. Kisha anasikia moyo ukidunda chini. Polisi hawasikii kitu. Anapiga kelele na kukiri mwenyewe. Ngome yote imehamia kifuani mwa mtu mmoja.

Wafaransa waliziita riwaya zile za ngome "nyeusi". Baadaye jina hilohilo wakawapa Wamarekani wa hadithi za jinai. Tena walistahili: katika The Big Sleep ya Raymond Chandler (1939), maiti imefichwa katika shimo la mafuta, na mafuta ndiyo yaliyoitajirisha familia. Hata kwetu, Muhammed Said Abdulla alimpeleka Bwana Msa kutafuta mkono wa binadamu katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960).

G. K. Chesterton alimfanya padre kuwa mpelelezi. Katika kitabu cha mwaka 1927 Padre Brown anaeleza siri yake: kila muuaji aliyemkamata, kwanza alimtafuta ndani ya nafsi yake mwenyewe.

Sisi tunaoketi kuwasikiliza ninyi, nasi hupiga magoti mbele ya padre mwenzetu kila majuma mawili. Juma lililopita hatukwenda. Tulisema gari limeharibika. Halikuharibika. Kesho, baada ya Misa ya asubuhi, tunakwenda.