Saa Sita, Zipu na Mama Abdallah: majina ya mchezo wetu

Leo hatuzungumzii liwa wala mishono mipya ya abaya. Tunataka kuzungumza majina.

Sisi ni mafundi wawili, duka moja, cherehani tatu, hapa Kasekese, Wilaya ya Tanganyika, mkoa wa Katavi. Waislamu wa hapa tumetoka pande nyingi, wengine Ujiji, wengine Tabora, wengine wamefuata waume au biashara ya mazao. Sisi wawili ndio tunaoshika daftari la mchezo wa akina mama 14. Kila Ijumaa kila mmoja anatoa shilingi 10,000 na mmoja wetu anapokea 140,000. Wiki 14 zikiisha tunapiga kura upya. Wengine mnauita upatu, wengine kibati. Wasomali wana ayuuto yao na Wahabeshi wana ikubu yao, na kazi ni ile ile.

Zamani tulikuwa tunakusanyana dukani. Siku hizi mmoja kaolewa Unguja, mmoja yuko Ujiji, wawili wamehamia Mpanda mjini, kwa hiyo pesa zinapita kwenye simu na maneno pia. Ukiishika simu yetu Ijumaa jioni utadhani ni orodha ya vitu vya sokoni: Zipu, Mama Ubwabwa, Chenji, Mtandao, Saa Sita, Wifi wa Unguja, Kobe.

Kila jina lina habari yake. Saa Sita hajawahi kukosa kutuma, ila anatuma saa sita usiku kasoro dakika mbili, kila wiki, mpaka tunalala tumeshika simu. Mtandao kila akichelewa anasema mtandao ulikuwa chini. Zipu ukimpa siri haitoki, na ndiye peke yake ambaye jina lake ni la sifa tupu. Kobe jina alijipa mwenyewe, baada ya kukaa miezi minane na kitambaa cha sare ya harusi bila kukileta kushonwa.

Mtasema ni mchezo tu. Lakini majina haya yana kazi. Kwenye daftari tuna Asha watatu na Mwajuma wawili. Tena pesa ikiingia kwa simu, inakuja na jina la aliyesajili laini. Mnakumbuka mwaka 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa? Wengi wetu hatukuwa na namba ya NIDA wakati ule, tukasajiliwa na mume, kaka au shemeji. Basi Ijumaa tunapokea pesa kutoka kwa wanaume sita tusiowajua, na bila ya ujumbe wa "Kobe nimetuma" hatujui nani amelipa. Mume wa mmoja wetu aliwahi kuona majina hayo kwenye simu ya mkewe na nyumba nzima ikawaka moto. Ilibidi twende na daftari.

Kuna dada wawili walituuliza faraghani: huu mchezo una tofauti gani na ile kamari inayotangazwa kwenye simu kila siku? Ni swali zuri, hasa kwako bibi harusi unayetaka kuanza nyumba kwa pesa safi. Huko Uingereza kuna mchezo wa bingo, wanawake wa makamo wanaupenda sana, ukumbini na sasa kwenye intaneti. Hata namba zina majina ya utani: 88 ni wanawake wawili wanene, 11 ni miguu. Wachezaji wa mtandaoni nao wanajiita majina ya kuchekesha, wanasalimiana, wanapeana pole na hongera. Utamu huo tunauelewa kabisa, maana ndio utamu wetu wa Ijumaa. Lakini pale mmoja anashinda kwa sababu wengine wamepoteza, na kamari imeharamishwa wazi katika Suratul Maida aya ya 90. Kwetu hakuna anayepoteza. Unatoa 10,000 mara 14, unapokea 140,000 mara moja, hakuna riba hata shilingi. Kura inaamua zamu tu, na Mtume (s.a.w.) mwenyewe alikuwa akipiga kura baina ya wake zake kujua yupi atasafiri naye. Na wala tusichanganywe na ule upatu wa mbegu, kama DECI ya mwaka 2009, ambapo watu walipanda kidogo wakiahidiwa kuvuna kingi na mwisho wakabaki na karatasi.

Haya, turudi kwenye majina, maana ndiko kulikotuletea kazi.

Mzunguko uliopita tulimpokea mwenzetu mpya, mke wa mfanyabiashara wa mahindi. Mkono wake ni mzuri kwa pindo na darizi, akawa anakuja dukani kutusaidia. Ana miaka saba ya ndoa na hajajaaliwa mtoto. Mnajua kwetu mwanamke akizaa tu jina lake linafutika, anakuwa Mama fulani mpaka kaburini. Kwenye daftari letu wote ni Mama fulani kabla ya kuwa Kobe au Chenji. Yeye hakuwa na la kuanzia.

Wiki yake ya pili, mwenzetu mmoja akamwandikia mbele ya wote: "Karibu, Bado." Maana kila akiulizwa habari za mtoto, alikuwa akijibu bado. Zikafuata sura mbili tatu za kucheka. Yeye mwenyewe alituma ya kucheka pia. Kesho yake alikuja dukani, akapinda magauni manne bila kusema neno, na pindo la gauni la tatu lilikuwa limelowa.

Tulimpigia simu aliyeandika, sisi wawili, siyo mbele ya watu. Tukamwomba alifute na asilitumie tena. Akasema alikuwa anatania. Hapo ndipo tulipobishana. Utani una wenyewe, dada zetu. Bibi na mjukuu wanataniana. Shemeji na shemeji wanataniana. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, na humu ndani tunao wawili ambao kila wiki wanazikana wakiwa hai, na siku mmoja alipofiwa kweli, mwenzake ndiye aliyefika wa kwanza kuchota maji. Mgeni wa wiki mbili si mtani wako. Suratul Hujurat aya ya 11 imewataja wanawake kwa jina, wasidharauliane, na ikakataza kuitana kwa lakabu mbaya. Tulimwambia hivyo, kwa upole. Alikata simu.

Na hapa ndipo hesabu ilipoingia. Yeye alikuwa ameshapokea 140,000 zake wiki ya tano. Alikuwa anadaiwa wiki tisa, yaani 90,000. Ijumaa ile hakutuma. Zipu akatuambia taratibu kwamba ameapa hatatuma, maana "tumemtoa thamani kwa ajili ya mgeni." Wiki ya saba alikuwa anapokea binti wa mwenzetu, nikaha yake ilikuwa imebaki siku 15, na pesa ile ilikuwa ya godoro na ya kumalizia nguo za sanduku. Wengine wakaanza kusema kwani tatizo nini, lile neno lilikuwa dogo, tumwombe radhi yaishe, mchezo usife. Kweli tulipata shida ya usingizi. Tulitoa 10,000 kwenye pesa za duka, wiki ya sita, ya saba na ya nane, ili kila mwenye zamu apate chake kamili. Radhi hatukuomba, kwa sababu hatukuona la kuombea.

Katika wiki hizo tuliongea sana majina mazuri, tukishona. Mtume (s.a.w.) alikuwa anawapa watu majina ya mapenzi. Bibi Aisha alimwita Aish, kwa kufupisha. Sayyidna Ali alimkuta amelala msikitini ana vumbi mgongoni, akamwita Abu Turab, na Ali hakuwa na jina alilolipenda kuliko hilo. Bibi Zaynab binti Khuzayma aliitwa Mama wa Masikini kwa ukarimu wake. Lakini letu sisi mafundi ni la Bibi Asma binti Abubakar: siku za Hijra alikosa kamba ya kufungia chakula cha safari, akachana mshipi wake wa kiunoni vipande viwili, na kuanzia hapo akaitwa Dhaatun Nitaqayn, mwenye mishipi miwili. Jina la heshima limetoka kwenye kitambaa kilichochanwa!

Mwenzetu alikuwa anasikiliza huku anatunga uzi. Tukafika kwa Bibi Aisha tena, kwamba hakuzaa, na alipomwambia Mtume kuwa wenzake wote wana majina ya umama, alimwambia ajiite kwa mwanawe Abdallah. Abdallah huyo ni mtoto wa dada yake, huyo huyo Asma wa mishipi. Akawa Ummu Abdillah mpaka mwisho wa uhai wake.

Akauliza, "Kumbe inafaa?" Tukamwambia inafaa. Akakaa kimya mpaka Alasiri. Wakati anavaa mtandio aondoke, akasema kwao Kigoma kuna mtoto wa marehemu dada yake anayemsomesha, yuko darasa la tatu. Naye anaitwa Abdallah.

Ijumaa ya tisa ikaingia pesa 40,000 kwa mkupuo, kutoka laini yenye jina la mwanamume, bila salamu. Tulijua ni nani kwa sababu wengine wote walikuwa wameshatuma. Sasa analipa kila wiki kwa wakati. Maneno hatupewi, akipita dukani anatazama upande wa pili, na gauni lake la Idi alishona Mpanda. Tumerudisha 30,000 kwenye pesa za duka.

Binti aliolewa, alhamdulillah, na godoro lake ni futi sita kwa sita.

Mzunguko mpya tumepiga kura na namba moja imemwangukia Mama Abdallah. Ameshatuambia anataka cherehani ya mkono iliyotumika, ameiona kwa mzee mmoja mjini, bei wanavutana. Pesa anapokea leo. Saa hizi ni saa tano na nusu usiku, wametuma kumi na wawili, tunamsubiri Saa Sita.