Stesheni ya Makutano

Nilishuka stesheni ya TAZARA, Dar es Salaam, pamoja na mama yangu, tukitoka Mbeya kwenda Kigoma. Ilitubidi kuvuka mji na mizigo ili kuifikia stesheni ya Reli ya Kati. Mama aliketi juu ya furushi kando ya njia, akauliza, "Mwanangu, reli hizi haziamkiani?"

Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000. Ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, ina 1,067. Tofauti yao haifiki upana wa kiganja. Huko Kidatu, tangu mwaka 1998, mizigo ina mahali pa kubadilishia reli. Ikiwa shehena ilistahili makutano, mzee astahili zaidi. Natamani stesheni moja, reli zisizoweza kuungana zisimame humo ubavu kwa ubavu, na msafiri avuke kwa hatua chache.