Siku Pikipiki Ilipolala Mbele ya Mashine ya Kukoboa

Kuna kipande cha barabara hapa Mlabani, Ifakara, ambacho kwa wiki saba sikukikanyaga. Kinapita mbele ya mashine ya kukoboa mpunga, kijiwe cha bodaboda kando yake, na meza ya mama anayeuza vitumbua. Kwa mguu hakichukui hata dakika moja. Mimi nilikuwa nazunguka nyuma ya nyumba za watu, nakatiza vichochoro na kingo za majaruba, ili nisionwe na wale waliokuwapo asubuhi ile.

Mimi ni afisa ugani. Wakulima wananiita bibi shamba, na jina hilo nalipenda. Aprili 2022, jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ugawaji wa pikipiki zipatazo 7,000 kwa maafisa ugani wa nchi nzima, nami nikawa mmoja wa waliopata. Kabla ya hapo nilikuwa nafika mashambani kwa baiskeli au kwa kuomba lifti. Siku nilipoileta nyumbani, mama yangu aliweka mkono juu ya tenki akaiombea. Ndiyo maana kuiangusha mbele za watu kuliniuma namna ile.

Ilikuwa Januari 2023, mvua imenyesha usiku kucha. Kwenye kerieri nilikuwa nimefunga bomba la kupulizia na, juu yake, mfuko wa kilo 20 za mbegu ya TXD 306, ile tunayoiita SARO 5, iliyozalishwa hapa hapa Ifakara kwenye kituo cha utafiti cha KATRIN, ambacho leo ni TARI Ifakara. Nilikuwa nakwenda mwendo wa mtu anayetembea. Nikakata kona kuingia langoni kwa mashine. Mbuzi akakatiza. Nikabana breki ya mbele usukani ukiwa bado umepinda, nikashusha mguu wa kushoto, na mguu ukakuta ukingo wa mtaro uliojaa pumba zilizolowa. Ukazama mpaka juu ya kifundo.

Pikipiki ikalala. Haikupiga kishindo. Ililala polepole, nami nimeishika kwa mikono yote miwili, naivuta, naiona inakwenda. Petroli ikaanza kuchuruzika kwenye mfuniko wa tenki. Kijana mmoja wa kijiweni akapaza sauti: "Bibi shamba kala mzinga!" Kicheko kikapokewa kijiwe kizima. Nikajaribu kuiinua kwa mikono, ikagoma. Nikajaribu tena, ikanishinda tena. Ndipo vijana wawili wakavuka barabara, wakaisimamisha kama wanaosimamisha baiskeli ya mtoto. Nikapanda, nikaondoka. Sikusema asante.

Nyumbani nikakuta pumba zimeniganda kwenye gauni kuanzia nyonga hadi pindo, zimekauka, kila moja imesimama upande wake. Nilikaa kwenye kigoda nikazibandua moja moja, na kila niliyoibandua ilikuja na kile kicheko. Goti lililochubuka lilipona kwa siku nne. Kicheko kilibaki.

Ifakara ina wanawake wanaoendesha pikipiki, lakini bado watu hugeuka kumtazama mmoja akipita. Nilijua watakachosema: serikali imempa chombo asichokiweza. Nikaanza kusema uongo. Nikamwambia mkubwa wangu wa kazi kwamba klachi ina hitilafu. Ni kweli mkono wa klachi ulipinda kidogo, lakini pikipiki ilikuwa inakwenda vizuri. Nikaifunika turubai uani. Mashamba ya karibu nikayafuata kwa mguu, ya mbali nikayasimamia kwa simu.

Hapo ndipo aibu yangu ilipoanza kulipwa na watu wengine.

Kuna kikundi cha akina mama wenye majaruba upande wa Mto Lumemo. Njia ya kwenda kwao ni ile ya mashine. Katikati ya Februari mmoja wao alinipigia: "Bibi shamba, mpunga wangu unageuka njano." Nikamuuliza maswali mawili matatu, kisha nikamwambia huenda udongo umepungukiwa na rutuba, aweke urea. Baada ya siku chache akapiga tena. Nikamwambia asubiri urea ifanye kazi. Alipopiga mara ya tatu sikupokea.

Mwanzoni mwa Machi nilikwenda, kwa mguu, kwa njia ya nyuma. Niliona nikiwa bado mbali. Ilikuwa kimyanga. Majani yamepata michirizi ya njano na kijani, mashina yamedumaa, na pale mpunga wa jirani ulipofika kiunoni, wake ulikuwa kwenye magoti. Kimyanga huletwa na virusi na hakina dawa. Husambazwa na wadudu aina ya mbawakavu, na husambazwa vilevile na mikono na zana zetu tunapopita kutoka shina gonjwa kwenda shina zima. Kinachosaidia ni kuwahi: kung'oa mashina ya mwanzo na kuyafukia au kuyachoma kabla hayajaambukiza mengine. Nilipopigiwa mara ya kwanza lilikuwa limeguswa jaruba moja. Nilipofika yalikuwa manne. Na ile urea, mama wa watu aliinunua kwa fedha ya kukopa.

Nikasimama kwenye tuta nikalia. Nilitegemea anilaumu, na alikuwa na haki. Akanishika mkono akasema, "Pole, mwanangu. Tulisikia ulianguka. Tukawa tunangoja upite tukupe pole, hukupita."

Walikuwa wanajua siku zote. Jambo nililolificha kwa wiki saba lilikuwa limefika Lumemo siku ileile, huenda kabla sijamaliza kubandua zile pumba. Nao hawakulipokea kwa kicheko. Kwetu mtu akipatwa na jambo anapewa pole, hata kama ni kujikwaa tu mlangoni, na pole hiyo ina mwenye kuitoa na ina mwenye kuipokea. Mimi nilikimbia kicheko cha watu kumi, nikajinyima pole ya mtaa mzima. Katika yote yaliyotokea, hili ndilo lililonigeuza.

Siku ya pili niliikokota pikipiki hadi kwa fundi mmoja mzee wa Kibaoni, nikampa shikamoo, nikamwonyesha mkono wa klachi. Aliugeuza kidogo tu. "Hii haikugonga," akasema. "Hii imelala. Uliinuaje?" Nikamweleza, kwa mikono. Akatikisa kichwa. "Mikono haitoshi, mwanangu. Njoo nyuma."

Akailaza kwenye vumbi bila huruma, akanifundisha. Kwanza zima swichi. Tia gia ya kwanza ili gurudumu lisiviringike. Ikiwa imelalia kulia, toa stendi ya pembeni kabla hujainua. Ikiwa imelalia kushoto, kumbuka usiisukume ikavuka wima na kwenda upande wa pili. Kunja usukani mpaka mwisho. Kisha igeuzie mgongo: makalio yaguse ukingo wa kiti, mkono mmoja ushike mpini wa usukani ulio chini, wa pili ushike kerieri, mgongo unyooke, utembee kinyumenyume hatua fupi fupi. Miguu ndiyo inayoinua. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo ikasimama, nikabaki nimeishika, natetemeka. Chombo kile kina uzito wa zaidi ya kilo 100, na mimi sifiki 60.

Akaniambia pia kwa nini ililala. Pikipiki inayokwenda hujisaidia yenyewe kusimama. Inayotambaa inakutegemea wewe. Lita 10 za petroli pekee ni zaidi ya kilo saba zinazocheza ndani ya tenki, na mimi nilikuwa nimefunga mbegu juu ya bomba, mzigo umekaa juu kabisa. Breki ya mbele usukani ukiwa umepinda, kwenye mwendo mdogo, huvuta pikipiki chini upande uliopinda. Mwendo wa kutambaa unataka breki ya mguu, klachi nusu, na macho yatazame unakokwenda. Mimi nilikuwa namtazama mbuzi, kisha nikatazama mtaro.

Wakati wa siku zile za kujificha nilikuwa nasoma kwenye simu usiku. Nikakuta kwamba Japani wana neno lao kabisa la kuangusha pikipiki ikiwa imesimama au inakaribia kusimama: tachigoke. Nikakuta pia kwamba kule anayetahiniwa leseni hupitishwa juu ya ubao wenye upana wa sentimita 30 na urefu wa mita 15, na anayetahiniwa kwa pikipiki za daraja la kati anatakiwa atumie sekunde saba au zaidi. Anapimwa kwa kwenda taratibu! Nchi inayounda pikipiki inakiri kwamba kwenda taratibu ndiko kugumu. Nilisoma yale maneno mara tatu, nikalala.

Kwa hiyo Jumapili baada ya misa nilikwenda kwenye uwanja wa mpira na binti wa dada yangu, nikamwaga majivu mistari miwili, sentimita 30 kati yake, hatua ishirini kwenda mbele. Yeye anahesabu sekunde, mimi natambaa. Mara ya kwanza nilifika tano, tena nimekanyaga mstari. Jua linapozama nilikuwa nafika tisa. Halafu nikailaza kwenye nyasi kwa makusudi, nikaiinua, nikailaza, nikaiinua, mara nane. Watoto waliokuwa wanacheza mpira walisimama kutazama. Nikawaacha watazame.

Jumatatu nilipita mbele ya mashine. Nikasimama palepale, nikavua kofia ngumu, nikawasalimu vijana. Nikawaambia, "Wadogo zangu, Januari mlinisaidia nikaondoka bila kuwashukuru. Nimekuja kusema asante." Kijiwe kikanyamaza. Yule aliyepaza sauti siku ile akainamisha macho. "Dada, utusamehe. Tulicheka vibaya."

Kisha mkubwa wao, mtu wa makamo, akasimulia la kwake. Kabla Daraja la Magufuli halijaanza kutumika, lile la mita 384 juu ya Mto Kilombero lililozinduliwa Mei 2018, waliokwenda Lupiro na Mahenge walivuka kwa pantoni pale Kivukoni. Bati la kushukia likilowa lilikuwa kama limepakwa mlenda. Akashuka taratibu, abiria nyuma, tenga la kuku mbele, watu wamejipanga pande zote mbili wakingoja kupanda. Ikalala. Kuku wakatawanyika. "Mwezi mzima," akasema, "nilikuwa nabeba abiria usiku tu." Wenzake hawakuwahi kuisikia habari ile, na wamekaa naye kijiwe kimoja miaka mitano. Wa pili akaanza ya kwake. Mama wa vitumbua akaniwekea viwili kwenye karatasi, akakataa hela.

Majaruba manne tuliyang'oa na kuyafukia, na yule mama msimu ule alivuna nusu ya alichozoea. Deni la urea nilimlipia mimi. Mavuno aliyoyapoteza siwezi kuyarudisha. Siku hizi mtu akinipigia kuhusu majani ya njano, nakwenda siku hiyohiyo, kwa pikipiki, kwa njia ya mashine.

Nawe unayesoma, ukimwona mtu amelaza pikipiki, vuka barabara. Mpe pole kwanza, kisha zima swichi, shika upande wa pili. Na kama ni wewe uliyeilaza, ukawa unapita njia ya nyuma, rudi njia yako ya siku zote. Kuna watu wanakungoja na pole yako.