Zamu za Portland, daftari la Kitengela

Ili nimpakulie Mkongo sahani ya wali mjini Portland, jimbo la Maine, ilinibidi kwanza nijaze fomu, nikubali rekodi yangu ya polisi ichunguzwe, nihudhurie mafunzo ya jioni nzima na nivae kitambulisho shingoni. Kwetu Kitengela mama alimpakulia Mkongo wali kwa sababu alimkuta ameketi kwenye ngazi za ploti na watoto wawili, giza likiingia, na hakuna mpangaji aliyemjua.

Wenzangu wa Portland hupenda kuniuliza ni wapi watu wana roho nzuri zaidi, Marekani au Kenya. Sina hamu na swali hilo. Roho nzuri nimeiona pande zote mbili, na ubahili vilevile. Ninachotaka kujua ni mgeni anafanyiwa nini siku ya arobaini, huruma ya siku ya kwanza ikishachoka.

Portland ni mji mdogo wa bandari, wenye baridi ya kuuma masikio. Mnamo Juni 2019 mamia ya Waafrika, wengi kutoka Kongo na Angola, walianza kuteremka hapo kwenye mabasi wakitokea Texas. Walikuwa wamepanda ndege hadi Brazil au Ecuador, wakavuka kwa miguu msitu wa Darién kati ya Colombia na Panama, kisha wakapanda nchi kwa nchi hadi mpaka wa Mexico na Marekani. Jiji liliwafungulia Expo, ukumbi wa mpira wa kikapu, na vitanda vya kukunja vikapangwa safu kwa safu pale pale timu inapochezea. Ukumbi ulipohitajika tena, baadhi ya familia za wenyeji zilijiandikisha kuchukua wageni majumbani mwao. Aprili 2023 Expo ikafunguliwa mara ya pili kwa kazi hiyohiyo, ikafungwa Agosti. Mimi nilikuwa mwanafunzi mjini humo, na msimu huo ndio nilioingia katika shughuli hizi za kujitolea.

Sisi nasi tumewahi kulaza watu uwanjani. Januari 2008, baada ya uchaguzi kutuvuruga, uwanja wa maonyesho wa Jamhuri Park jijini Nairobi ulijaa Wakenya waliofukuzwa makwao, na Wakenya wengine wakamiminika na blanketi, unga na nepi. Aprili 2014, katika operesheni iliyoitwa Usalama Watch, maelfu ya watu walikamatwa, wengi wao Wasomali kutoka Eastleigh, na wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani kukaguliwa karatasi. Sikumbuki mtu mtaani kwetu akichanga blanketi za kupeleka Kasarani. Anayesema kuwa Waafrika tumezaliwa na ukarimu, kwa hiyo hatuhitaji mipango, na aulizwe kuhusu Aprili ile.

Kazi yenyewe Portland haikuwa ya kishujaa. Kupanga viatu kwa saizi. Kutafuta jaketi la mtoto wa miaka minne kati ya magunia ya nguo za watu wazima. Kwa kuwa waliotoka Uvira na Bukavu walizungumza Kiswahili, niliitwa kila mara daktari au mwalimu alipotaka kueleweka. Kwa wa Kinshasa na Luanda sikufaa kitu. Mzigo mkubwa ulikuwa karatasi. Fomu ya kuomba hifadhi Marekani ina kurasa 12 na lazima ijazwe kwa Kiingereza. Sisi wanafunzi tulikatazwa kushauri neno lolote la sheria, hilo ni la mawakili. Tuliruhusiwa tu kutafsiri alichosema mtu. Ombi likishawasilishwa, sheria inataka zipite siku 180 kabla ya kupata kibali cha kazi. Kwa hiyo madereva, waashi na washonaji walikaa kwenye viti vya plastiki wakihesabu miezi, huku hoteli za mji uleule zikibandika matangazo ya kutafuta wafanyakazi. Utaratibu nao una upumbavu wake.

Kulikuwa na kanuni moja ambayo Waafrika wengi wenzangu waliiona ya kikatili: usimpe mgeni pesa, usimpe namba yako ya simu, usimwahidi chochote, na zamu ikiisha, ondoka. Mimi ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Mgeni wa pale hakuwa na deni kwangu. Wali ukiwa mbichi alisema ni mbichi. Aliweza kunikasirikia Jumatatu, na Jumatano akapewa sahani yake na mtu mwingine.

Linganisha na yule mama wa ngazini. Alilala kwetu wiki kadhaa, kisha kanisa la Wakongo, lile la mabati upande wa Noonkopir, likamtafutia chumba. Katika wiki hizo aliamka kabla ya kila mtu akafagia kiwanja ambacho mtunzaji wa ploti hulipwa kukifagia. Alimaliza kula wa kwanza, akasema ameshiba. Baba alipotoa mizaha yake, ambayo sisi watoto wake tumeizoea na hatuicheki, yeye alicheka hadi mwisho. Bili ya maji ilipokuja alinyamaza kutwa nzima. Hakuna aliyemdai kitu. Lakini kila mtu nyumbani alijua, na yeye alijua kuliko wote, kwamba siku mama akiamka vibaya hakuna ofisi ya kumlalamikia.

Ila mama alimpa kitu ambacho Expo haikuweza: watu. Ndani ya mwezi mmoja alimfahamu mama mboga wa kumkopesha sukuma, fundi wa kumwazima cherehani, na shule ya kupokea watoto kabla ya karatasi kukamilika. Portland nilimwona mwanamume aliyekula milo mitatu kwa siku, na hakuna mpishi aliyejua jina lake.

Kitengela haina Expo. Ni mji wa watu zaidi ya 150,000, na wengi wetu tulikuja kufuata kodi nafuu, viwanda vya EPZ vya Athi River na barabara ya Namanga. Barabara hiyohiyo hupita Isinya, Kajiado na Bissil hadi mpaka wa Tanzania, na Waethiopia wanaoelekea Afrika Kusini huipitia, mara nyingi wakifichwa na mawakala katika nyumba za kupanga. Wakikamatwa hufikishwa kortini kwa kuwa nchini bila kibali, kosa ambalo adhabu yake hufika shilingi 500,000 au kifungo cha miaka mitatu. Hao si wageni wa kanisa la mabati. Lakini jirani anayeona mapazia yamefungwa mchana na viatu kumi mlangoni hatofautishi, wala askari wa doria hatofautishi. Sheria ya wakimbizi ya 2021 inampa anayeomba hifadhi siku 30 tangu kuingia nchini ajitokeze kwa maofisa. Kumhifadhi aliyeingia kinyume cha sheria, ukijua, ni kosa. Katikati ya sheria hizo mbili ndipo mama alipompakulia mtu wali.

Mdogo wangu yuko chuoni. Jioni huwafundisha watoto wa kanisa lile Kiingereza na hesabu, bure, tangu akiwa kidato cha tatu. Juzi alinitumia fomu ya ufadhili niipitie. Palipoulizwa kuhusu kazi za kujitolea alikuwa ameandika: hakuna. Mimi nina barua yenye muhuri, ya saa zangu za kupanga viatu.

Nilipokwenda likizo niliwaambia wanawake wa jumuiya ya mama wachukue daftari, waandike zamu za kupika, nani anapokea wageni wiki gani, na mgeni akae muda gani kabla ya kuhamia kwake. Nilieleza kila kitu, hadi kanuni ya kutotoa namba ya simu, ambayo ilichekwa. Mama mmoja mwenye duka la vitenge akauliza, daftari likikamatwa? Kule Maine jina la mgeni kwenye orodha ndilo lililompa kitanda. Hapa orodha hiyohiyo inaweza kusomwa mahakamani.

Walibishana kwa muda mrefu. Kilichokubaliwa ni daftari lenye majina ya wapishi na wenye nyumba tu, wiki mbili kwa kila nyumba, na mtu wa kumsindikiza mgeni kwenda kujiandikisha kabla ya siku 30 kwisha, nauli ikitoka kwenye mfuko wa jumuiya. Mdogo wangu ameandikwa upande wa masomo, Jumanne na Ijumaa. Nimemwomba katibu wa jumuiya amwandikie barua. Ameuliza kama ni lazima iwe na muhuri, maana hawana.